Ndugu wa Kokuberwa

Mbagala, 5 Mei 2025

Bi Wahiba, shikamoo.

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba ufunge mlango. Barua hii usimwoneshe mtu, hata kaka yako Hashil, ambaye nimemwachia dukani kwake ikiwa imefungwa kwa gundi. Nimemwambia ni oda ya mabomba. Usiitaje kwenye simu. Usiichane ukaitupa jalalani, watu huokota. Ichome jikoni, na majivu uyamwagie maji. Ikijulikana kwamba nimekuandikia nitafukuzwa kazi, na kazi yenyewe nimeipata baada ya kukaa nyumbani na cheti cha chuo mpaka mama akaacha kuniuliza.

Mimi ni karani katika ofisi inayopokea maombi ya leseni za nyumba za huduma shufaa, yaani nyumba kama yenu, ambazo wagonjwa wasio na tiba tena hutunzwa bure mpaka mwisho wao. Maombi yenu ya Nyumba ya Utulivu, Chamazi, nimeyasoma yote. Maji yamepita, vyoo vimepita, njia ya kiti cha magurudumu imepita, kabati la dawa za maumivu limepita. Kilichokwama ni ndugu.

Kanuni mpya inataka kila mgonjwa awe na ndugu. Huyo ndiye atakayekubali kwamba mgonjwa wake hapelekwi tena hospitali kutafutiwa tiba, na ndiye atakayemzika. Kwa wagonjwa watano mmetaja ndugu ambao ofisini hawaaminiki. Mmesema Kornelio, Mkatoliki wa Biharamulo, ndugu yake ni Hashil bin Haroub, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mmesema Kokuberwa, bibi wa Bukoba, ndugu yake ni Rumaisa, fundi cherehani wa mtaani kwenu. Mkuu wangu, Bwana Didas, alisoma akacheka, halafu akaacha kucheka. Alisema, "Hawa wanatuona watoto." Pembeni akaandika kwa wino mwekundu: udanganyifu.

Kamati ikilikubali neno hilo, mwisho wa Juni nyumba itafungwa. Nakushauri uje mwenyewe uombe kusahihisha. Sema wale watano hawana ndugu. Watahamishiwa makazi ya serikali, lakini wengine watabaki na nyumba itapona.

Ukinijibu, mwachie Hashil bahasha iliyoandikwa "mteja wa mabomba". Mimi hupita hapo jioni.

T.


Chamazi, 8 Mei 2025

Bwana T.,

Nakuita Bwana kwa kubahatisha. Nimefanya kazi ya uuguzi mpaka nikastaafu, na barua za kujificha nyuma ya herufi moja nimeletewa nyingi. Zote zilianza kwa kunihurumia na kuishia kwenye chai. Kama ni chai unataka, njoo mlango wa mbele, tutakupa kwenye kikombe, yenye iliki, na utainywa umekaa na wagonjwa. Chai ya bahasha hatuna na hatujawahi kuwa nayo.

Sasa la ndugu. Unaniambia nimwandike Kornelio kwamba hana ndugu. Hashil anamkata kucha kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Wanagombana kwenye drafti mpaka wagonjwa wengine wanalalamika. Leo nichukue kalamu niandike huyu hana mtu, nimsomee kwa sauti maana macho yake hayaoni vizuri, halafu nimgeuze ubavu na kumwambia lala salama?

Mie si mtu wa kudanganya serikali. Tuliulizwa ndugu ni nani, tukajibu ndugu ni nani. Mwambie Bwana Didas wako kwamba wino mwekundu tunauona hata sie wa Chamazi.

Barua yako sijaichoma. Sichomi kitu nisichokiogopa.

Wahiba binti Haroub


Mbagala, 12 Mei 2025

Bi Wahiba, shikamoo tena.

Barua yako nimeisoma chooni ofisini, nimesimama, mlango nimeushikilia kwa mguu. Sitaki chai. Mimi ni msichana, na nilikuandikia kwa sababu ripoti yenye lile neno ilichapwa kwa mikono yangu. Nilipofika kwenye jina la Kokuberwa nilishindwa kuendelea. Bibi yangu mzaa mama alifia kwenye korido ya hospitali tukiwa tunatafutana na wajomba nani asaini. Basi, ndilo hilo tu.

Nakuomba, ichome ile barua.

Tena usimwone Bwana Didas kama adui. Kanuni hii ina sababu. Huko bara kuna nyumba ilikuwa inaokota wazee vituo vya mabasi, na kijana mmoja alimtafuta mama yake mwaka mzima, akaja kuoneshwa kaburi. Bwana Didas ndiye aliyekaa na yule kijana. Tangu hapo akiona ndugu wa mashaka, hapumui vizuri.

Naongeza kosa juu ya kosa: Jumanne ijayo atakuja kwenu bila taarifa, na mimi nitakuja naye nimebeba faili. Ukiniona, hunijui.

Ila naomba unieleze kitu kimoja, maana nimekifikiria mpaka kichwa kinauma. Mtu wa Biharamulo anakuwaje ndugu wa mtu wa kwenu?

T.


Chamazi, 15 Mei 2025

Binti yangu T.,

Marahaba. Nimekukosea, nisamehe. Bibi yako Mungu ampumzishe.

Usingeniambia habari ya Jumanne. Sasa nikifagia, nafsi yangu itaniambia nimefagia kwa ajili ya Bwana mkubwa. Tutafagia kama tulivyofagia jana, wala si zaidi.

Umeuliza vizuri, nakujibu. Nyumba hii ilianza kwenye vyumba viwili vya uani kwa marehemu baba. Mgonjwa wa kwanza asiye na watu aliletwa na polisi, hatuna hata jina lake. Jirani mmoja akaja na sahani ya wali na mchuzi wa nazi, akamlisha. Yule mtu alipofariki, jirani akaja kusimama kwenye kaburi. Tukamuuliza, wewe vipi? Akasema, mie ndiye niliyempa sahani ya kwanza, sasa nimwache akazikwe na nani? Tangu siku hiyo ikawa hivyo. Akija mtu peke yake, mtaa unapewa habari. Nyumba inayotaka inapika na kuleta sahani. Mgonjwa akila, wameshakuwa ndugu. Akikataa, hawajawa, na hapana kununiana. Ndugu wa sahani anakuja kumtazama, anaulizwa tukitaka kubadili dawa, na siku ikifika anakaa kwenye mkeka wa wafiwa. Hatuchagui dini wala kabila, maana njaa haichagui.

Kwa hiyo tulipoulizwa ndugu, hatukufikiria mara mbili. Labda hapo ndipo tulipokosea, tulidhani kila mtu anafanya hivi.

Kornelio hali yake si nzuri. Jana alimfunga Hashil drafti mara mbili akashindwa hata kumcheka.

Hashil ananiuliza huyu mteja wa mabomba atalipia lini. Nimemwambia mteja ni wa heshima, amwache.

Wahiba


Mbagala, 21 Mei 2025

Bi Wahiba, shikamoo, na pole sana kwa msiba wa Kornelio.

Jana sikuweza kukupa pole inavyopaswa, nisamehe. Nilijificha nyuma ya faili. Tulipokata kona tukaliona turubai na viti, Bwana Didas alimwambia dereva asimame mbali. Akasema, "Mtu haingii msibani na kalamu mkononi." Akaichomoa kalamu mfukoni akaiacha kwenye kiti.

Wewe ulikuwa jikoni, kwa hiyo hukuyaona haya. Alimuuliza mzee wa kwanza aliyemkuta, "Mfiwa ni nani hapa?" Mzee akamwonesha Hashil, amekaa mkekani na kofia yake, pembeni yake katekista. Akamuuliza mama mwingine, akaoneshwa Hashil. Akawauliza vijana waliokuwa wanashusha maji, wakamwambia, "Mfiwa si huyo braza mwenye macho mekundu?" Ndipo akaenda kukaa karibu naye.

Mimi nilikuwa nyuma yao, nilisikia yote. Bwana Didas alitoa pole, kisha akamuuliza taratibu, kama mtu anayepitisha muda, marehemu alikuwa mtu wa namna gani.

Hashil akasema, "Mbishi. Chai yangu alikuwa anaiita maji ya kuoshea vyombo. Anataka ya rangi, chumvi kidogo, sukari hataki. Nimempikia hivyo hivyo mpaka nikaizoea mie mwenyewe."

"Na jamaa zake wa Biharamulo?"

"Tumewatafuta. Nimepiga simu parokiani kwao, wakatangaza kanisani mara tatu. Aliyepatikana ni binamu, akasema yeye hana nauli, tuzike. Nikamwambia basi angalau sema neno, akalia kwenye simu. Nikamwekea Kornelio sikioni. Alikuwa bado anasikia."

Bwana Didas alifuata jeneza. Aliitikia nyimbo zote makaburini. Hashil alipotupa udongo, yeye alikuwa wa pili.

Tukirudi, tulipofika Mbagala Rangi Tatu, alisema akitazama dirishani, "Mie nina kaka wa tumbo moja. Sijui anakunywa chai gani." Leo asubuhi ameomba ile ripoti nimchapie upya. Lile neno jekundu halimo. Ameandika kwamba jambo hili lipelekwe kwenye kamati lizungumzwe. Hajasema likubaliwe. Lakini niliichapa nimekaa wima.

Kuna jambo moja sijakuambia. Bwana Didas alipokwenda kutazama vyoo, aliniambia nihesabu wagonjwa. Nilikaa kidogo na Kokuberwa. Natumaini sikumchosha.

T.


Chamazi, 24 Mei 2025

Binti yangu,

Tumepoa. Hashil amelirudisha lile bao la drafti nyumbani kwake, kalitia juu ya kabati, hataki mtu aliguse.

Ulinipa mkono siku ile kama mtu anayenipa kipande cha barafu. Nikasema moyoni, huyu ndiye T., hakuna karani mwingine Dar es Salaam anayenitazama kama nimemshikia roho yake. Umbo lenyewe dogo, faili kubwa. Nilikuwa nimejitayarishia mtu mrefu.

Hukumchosha Kokuberwa. Ndiyo kwanza umemwamsha. Tangu uondoke anauliza, "Yule mtoto wa faili harudi?" Nikamuuliza anakutakia nini. Akasema, "Amenisalimia kabla ya kunihesabu." Kisha akaongeza kwamba mmegombana juu ya ndizi, na kwamba watu wa Tukuyu mna majivuno yasiyo na msingi. Mie wa pwani hapo sina usemi, kwetu ndizi ni ya kukaanga.

Wahiba


Mbagala, 30 Mei 2025

Bi Wahiba, shikamoo.

Naandika haraka kabla hujapata barua rasmi, ili usishtuke. Kamati imekaa. Walibishana sana. Mjumbe mmoja alisema tukikubali ndugu wa sahani, kesho tutaletewa ndugu wa kikombe. Bwana Didas akasimama. Sijawahi kumwona amesimama kwenye kikao. Akasema, "Kanuni inatafuta mtu atakayekuja akiitwa. Mie nimewaona wanaokuja kabla ya kuitwa."

Wamekubali kwa sharti moja. Kila ndugu wa namna hiyo aape mbele ya wakili, aseme kwa jina lake kamili kwamba amejitwika mgonjwa huyu akiwa hai na akiwa amekufa. Viapo viletwe kabla ya Ijumaa tarehe 13 Juni. Ikikosekana hati ya mgonjwa mmoja, leseni haitoki. Wameandika hivyo: hata mmoja.

Waliobaki ni wanne. Nawaombea.

Kuhusu ndizi, mwambie Kokuberwa za Bukoba ni laini mno, zinaliwa na wasio na meno.

T.


Chamazi, 9 Juni 2025

Binti yangu,

Idi imepita salama. Umekosa pilau.

Nakuandikia kukuhadithia tu, sina ombi. Jumatano iliyopita tuliwapeleka ndugu zetu kwa wakili pale Mbande. Wamevaa kama wanaenda harusini. Wakili alimuuliza muuza samaki wetu, "Unajua maana ya kuapa?" Akajibu, "Mwenzio nimemwogesha huyu mzee miezi minane, wewe unanitisha na muhuri?" Watatu wameapa, hati ziko kwenye bahasha. Nilitembea kurudi nyumbani nimeinua kichwa kama mwenye mji.

Wa nne ndiye wa Kokuberwa. Rumaisa, aliyempa sahani, ameolewa na kuhamia Tanga mwezi uliopita. Amelia kwenye simu, anasema anakuja kuapa. Wakili kasema haiwezekani, mtu wa Tanga hatafika akiitwa usiku, na kiapo cha uongo hatukitaki. Tukapeleka habari mtaani. Zimeletwa sahani sita, binti yangu. Kuna wali wa nazi, mchuzi wa kuku, mpaka biskuti za nje. Zote amezirudisha. Anasema yeye hapakuliwi kama paka, leo huyu kesho yule. Nikamwambia, Kokuberwa, nyumba itafungwa. Akasema, "Wewe nyumba yako naipenda, lakini ndugu siokoti kwa ajili ya karatasi." Mie ninayejiona mkaidi, nimepata bwana wangu.

Nikamuuliza, basi wataka sahani ya nani? Akageukia ukutani.

Baadaye, akidhani nimelala kwenye kiti, akamwambia jirani yake kitandani: "Ile ya mtoto wa faili ningeionja. Hata kama ndizi za kwao ni mawe."

Nimekwambia sina ombi, na ni kweli. Najua ukiapa itabidi jina lako lisomwe ofisini kwako, na yote haya yatafunuka. Una mama anayekutegemea. Nikikuomba, nitakuwa nimekuuza ili ninunue nyumba, na nyumba hii haijawahi kununuliwa. Ikifungwa, itafungwa tumeinua vichwa.

Barua zako zote nilizichoma juzi. Ile ya kwanza pia. Majivu nikayamwagia maji.

Wahiba


Mbagala, 16 Juni 2025

Bi Wahiba, shikamoo.

Barua hii usiichome. Kama una msumari, igongelee ukutani.

Ulikuwa hospitali ya Mbagala Alhamisi nilipokuja, kwa hiyo nakueleza mwenyewe kabla ya Kokuberwa kuyaharibu. Nilichukua ruhusa ya kuumwa tumbo. Ndizi nilizipika mara mbili. Za kwanza ziliungua nikilia. Za pili nilizitia maziwa kama bibi alivyokuwa akifanya, nikazifunga kwenye kitambaa, nikaja nazo mapajani. Nilipofunua, Kokuberwa alizitazama muda mrefu, akasema, "Hizi umemenya na kisu au na panga?" Akaonja. Akasema chumvi hakuna. Akaonja tena. Akamaliza sahani yote, Bi Wahiba, na sahani akaniambia niilambe mwenyewe ili niione aibu yangu. Halafu akanishika mkono hakuuachia mpaka akasinzia.

Nilitoka hapo nikaenda Mbande kwa wakili. Nilitaja majina yangu yote matatu. Sauti haikutetemeka, hata mimi nilishangaa.

Ijumaa asubuhi nilimkabidhi Bwana Didas bahasha yenu ya hati tatu, na yangu juu yake. Akasoma jina. Nilimwambia kila kitu, barua, mabomba, ile Jumanne. Nilimwambia nimeogopa tangu siku ya kwanza na sasa hivi ninaogopa, lakini kile kiapo si cha uongo. Aliiweka hati mezani. Kisha akasema, "Binti, umevunja utaratibu wa ofisi. Hilo siwezi kulifunika, na sitalifunika." Akaandika barua ya onyo mbele yangu, kwa wino wa bluu. Kuanzia kesho siko tena kwenye faili lenu wala ofisi ile. Nimehamishiwa tawi la Kigamboni, kuandikisha zahanati za huko mpaka Kimbiji. Mshahara ni ule ule. Mama amesema afadhali, kuna upepo.

Nilipofika mlangoni akaniita. Nikadhani amebadili mawazo. Akasema, "Kokuberwa ni mtu wa Bukoba. Safari ijayo ndizi uweke na maharage."

Leseni yenu imetiwa saini leo mchana. Hashil ataileta. Nimemwambia pia kwamba mteja wa mabomba ni mimi. Akasema alijua toka mwanzo, hakuna mteja wa mabomba anayesahau kuuliza bei.

Sasa sikiliza, maana haya ni ya kazi. Nitakuja kila Jumamosi. Kokuberwa akibadilika siku nyingine yoyote, usinitumie bahasha. Namba yangu nimeiandika nyuma ya karatasi hii kwa tarakimu kubwa. Simu iko wazi usiku na mchana, na kama haishiki, mpigie mama, namba yake ni ya pili. Ikishindikana, mtu aje mwenyewe Kigamboni. Akishuka kwenye pantoni aulize ofisi ya usajili iliyo nyuma ya soko, jengo la bluu. Asiniulize kwa kunong'ona, wala asiseme ameleta oda. Asimame dirishani, watu wakiwepo, aseme anamtafuta Tupokigwe Isack Mwaisumo, ndugu wa Kokuberwa. Nitafunga faili lililo mbele yangu na nitakuja.

Tupokigwe Isack Mwaisumo